Anayesaini Ndiye Anayekunywa

Kila asubuhi saa moja, kabla ya kutia saini ripoti ya maji ya siku, nilikinga glasi kwenye bomba la maabara nikanywa mpaka tone la mwisho, meneja akinitazama. Anayesaini ndiye anayekunywa. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Aliianzisha meneja mwenyewe, mzee wa suti moja na kikohozi kisichopona, na kwa miaka kumi na moja niliifuata bila kuumwa hata tumbo.

Siku ya kwanza ya serikali mpya, meneja alichukuliwa na watu wanne waliokuja na gari lisilo na namba. Tangu alfajiri redio ilikuwa ikipiga nyimbo za gwaride, kisha sauti tusiyoijua ikasema rais hayupo tena, mipaka imefungwa, benki zimefungwa, na kila mtu abaki nyumbani isipokuwa watumishi wa huduma muhimu. Mimi ni huduma muhimu. Niliwaambia wanangu wawili wasitie mguu nje, nikavuka uwanja kutoka nyumba za wafanyakazi, hatua hamsini, nikapima maji, nikanywa, nikasaini. Hakuwepo wa kunitazama.

Siku ya pili tuliletewa Kapteni. Alikuwa kijana, umri wa mdogo wetu wa mwisho kuzaliwa, viatu vinang'aa kuliko mtambo mzima. Alikaa kwenye kiti cha meneja, akasogeza pembeni kopo la peremende za kikohozi, akasema: "Mama, kazi yako iendelee kama kawaida. Ripoti yako itasomwa redioni kila siku saa kumi. Wananchi wajue huduma hazijasimama."

"Afande, naomba dizeli basi. Umeme unakatika, na askari wako wamebeba nusu ya iliyokuwepo."

"Dizeli ni ya ulinzi."

"Na maji ni ya nani?"

Alitabasamu kama mtu aliyefundishwa kutabasamu darasani. Dizeli hatukupata. Pampu zilizokuwa zikifanya kazi mchana na usiku zikabaki saa sita tu kwa siku.

Hapo ndipo shida ilipoanzia, na nitaieleza vizuri ili mtu asije akasema hakuelewa. Pampu zikizimwa, mabomba yanabaki matupu. Bomba tupu lenye tundu linavuta kilicho nje yake: tope, mtaro, choo. Mji wetu una mabomba ya zamani, matundu yake hayahesabiki. Kinachotuokoa ni klorini tunayotia mtamboni, maana inasafiri na maji na kuua uchafu njiani. Dawa ikiwa kidogo, inaisha njiani, na nyumba za mwisho zinapata maji meupe yasiyo na ulinzi wowote.

Mimi nilijua hayo. Nina stashahada yake.

Siku ya tatu Spana alikuja maabara. Spana ni fundi wetu wa mabomba, mtu wa mabega mapana na mdomo usio na breki.

"Mama Kipimo, mapipa ya dawa yamebaki kumi."

"Nimeyaona."

"Tunatumia mawili kwa siku. Na lori letu liko mpakani. Dereva kanipigia, analala chini ya trela, anasema amefuga ndevu na amepata marafiki."

Nikafikiri muda wa kumenya kitunguu. "Tutatia nusu."

"Nusu?"

"Nusu. Tupate siku kumi badala ya tano. Hawawezi kuufunga huo mpaka siku kumi nzima, hata wao wanahitaji kula."

"Haya. Wewe ndiye msomi, mimi nakaza nati tu."

Tukatia nusu. Nikapima kwenye bomba la maabara: ukitia kidonge chetu kwenye maji yenye dawa yanageuka pinki, na yaligeuka pinki, hafifu lakini pinki. Nikanywa. Nikasaini. Siku ya nne hivyo hivyo, na ya tano.

Zamani kila Jumatatu na Alhamisi Spana alipanda baiskeli na chupa sita, akachota maji mtaa kwa mtaa hadi kule tunakokuita Mwisho wa Bomba, ambako bomba kuu linaishia. Wiki hiyo alifika kizuizi cha kwanza tu. Askari walimrusha kichurachura na kuvunja chupa zote. Alirudi na magoti yenye damu.

"Walidhani ni petroli," alisema. "Nimewaambia ni maji ya kupima. Mmoja kaniuliza, maji yanapimwaje, kwa rula?"

Nikamwambia aache, asije akapigwa risasi kwa ajili ya chupa. Nikaendelea kupima bomba la maabara peke yake, lile ambalo maji yake hayajasafiri hata hatua kumi. Wanangu, pale nyumba za wafanyakazi, walikuwa wakinywa bomba la pili baada ya hilo. Hawakuugua. Nilijiona mwerevu.

Siku ya tisa, saa mbili na nusu asubuhi, mdogo wangu alinipigia simu. Anaishi Mwisho wa Bomba.

"Dada, mwanao anaharisha tangu usiku. Yanatoka maji tu, kama yaliyooshea mchele. Macho yameingia ndani."

Mwanangu huyo ni mtoto wake wa miaka mitatu. Mimi ni mama yake mkubwa, na mtoto wa mdogo wako ni wako. Nilivua koti la maabara, nikatia mfukoni kopo la vidonge vya kupimia, nikatembea. Vizuizi vitatu. Nilionyesha kitambulisho cha huduma muhimu, nikatazama mbele, sikumjibu mtu zaidi ya alichouliza.

Njiani nilikuta mji umejikunja. Maduka yamefunguliwa nusu mlango. Watu waliozoea kusalimiana kwa kelele walipishana wakitazama viatu. Kwenye foleni ya benki watu walikuwa wamepanga matofali yawashikie nafasi, kila tofali na jina la mwenyewe, na benki yenyewe ilikuwa na kufuli mbili.

Mdogo wangu ana saluni, chumba cha mbele cha nyumba yake. Viti vilikuwa vimefunikwa shuka. Nani anasuka nywele wakati huu? Shemeji yangu alikuwa karani wa wizara iliyofutwa kwa tangazo la sentensi moja, na tangu siku hiyo alijificha kwa binamu yake. Mtoto alikuwa kwenye beseni, ngozi ya tumbo lake ukiibana inabaki imesimama.

"Unamnywesha nini?"

"Maji."

"Ya kuchemsha?"

Akanyoosha shuka la kiti lililokuwa limenyooka. Mdogo wangu akikosa jibu la haraka, ujue jibu analo.

"Mkaa umepanda mara tatu, Dada. Nilikuwa nachemsha, siku ya tano nikaacha. Kila saa kumi redio inasema mpima maji mkuu amethibitisha maji ni salama. Nikajiambia, huyo si ni dada yangu?"

Nilifungua bomba la uani, nikajaza kikombe cheupe, nikatia kidonge. Kikayeyuka. Maji yakabaki meupe. Nikangoja, nikatia cha pili, kama mpumbavu anayebonyeza swichi wakati umeme hakuna. Meupe.

"Inamaanisha nini?" mdogo wangu akauliza.

"Inamaanisha mbebe mtoto, twende."

Zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja, hajaona mshahara, wenzake wawili hawajatokea tangu siku ya kwanza. Sakafuni palikuwa na watu kumi na wanne juu ya khanga na magunia. Dripu zilikuwa zimekwisha jana.

"Zimebaki pakiti za chumvi na sukari," alisema huku akikoroga jagi. "Mnyweshe kijiko kimoja kila dakika. Akitapika, subiri dakika kumi, anza tena. Usilale, usimwonee huruma, mnyweshe."

"Hawa wengine wanatoka wapi?"

"Wote? Mwisho wa Bomba." Akanitazama vizuri. "Wewe si yule wa maji?"

"Ndiye."

Alinipa kijiko nikampa mdogo wangu. Kando yetu, mtoto wa jirani wa mdogo wangu, binti wa miaka sita mwenye nywele zilizosukwa saluni kwake mwezi uliopita, alikuwa ametulia kupita kiasi. Mama yake alikuwa akimpepea kwa gazeti.

Nilijaza chupa maji ya bomba la zahanati, nikarudi mtamboni karibu nikikimbia. Ilikuwa saa sita kasoro.

Kwanza nilikwenda kwenye chumba cha dawa. "Spana, rudisha dozi kamili. Sasa hivi."

"Mama Kipimo, mapipa ni manne. Siku mbili tu."

"Ndiyo, siku mbili."

Kisha nikaingia kwa Kapteni bila kubisha hodi, nikaweka chupa juu ya meza yake.

"Afande, haya ni maji ya Mwisho wa Bomba. Hayana dawa. Watu kumi na wanne wako sakafuni na dripu hakuna. Nataka redio iseme saa kumi: chemsheni maji. Maneno mawili tu."

Aliifunga faili aliyokuwa akisoma. "Asubuhi ulisaini kwamba ni salama."

"Nilipima mahali pasipofaa. Na dawa nilipunguza nusu kwa amri yangu mwenyewe. Kosa ni langu. Liandike popote unapotaka, lakini redio iseme."

"Mama, hii ni siku ya tisa. Unajua wakubwa wangu watasema nini nikiwapelekea ugonjwa siku ya tisa? Watasema ni hujuma. Watauliza nani amehujumu." Akafungua kalamu. "Nami itabidi nijibu."

Nilimwelewa. Nikawaza wanangu wawili hatua hamsini kutoka pale, na mtoto wa mdogo wangu anayehesabiwa vijiko.

"Nakala ya kusomwa redioni saa kumi iko tayari," alisema, akasogeza karatasi. "Tia saini."

"Hapa kuna desturi. Anayesaini ndiye anayekunywa." Nikachukua glasi ya meneja kutoka rafuni, nikamimina maji ya chupa mpaka juu. "Mimi haya siyanywi. Basi sisaini."

Nilidhani nimembana. Kapteni aliitazama glasi, akanitazama mimi, akaichukua. Nikapiga kelele, "Afande, acha!" nikanyoosha mkono, lakini alishakunywa. Yote. Akafuta midomo kwa kitambaa kilichopigwa pasi, akatia saini yake penye nafasi yangu.

"Desturi imetimizwa," alisema. "Rudi kazini, Mama."

Nilitoka koridoni na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya glasi ile. Miaka kumi na moja nilidhani inathibitisha kitu.

Saa kumi redio ingesema maji ni salama, na mji mzima, mkaa bei hiyo, ungeendelea kunywa maji meupe mazuri. Dozi kamili niliyorudisha ingechukua siku nzima kufika kule. Nilikuwa na saa tatu na nusu. Nyumba kwa nyumba nisingemaliza hata mtaa mmoja, na anayetangaza ugonjwa barabarani angefuata njia ya meneja. Nikawaza: mtu anaacha lini kunywa maji bila kuambiwa na yeyote?

Anapoyaona machafu.

"Spana," nilisema, "lete ufunguo wa valvu. Ule mkubwa. Tunakwenda kuosha bomba."

"Leo? Kuosha bomba ni mwezi ujao."

"Nimeisogeza ratiba."

"Lakini tukiosha bila kutangaza, kutu yote itaamka. Maji yatakuwa kama chai ya..." Akanyamaza. Mara ya kwanza nimemwona akinyamaza katikati ya sentensi. "Ahaa," akasema polepole. "Mama Kipimo, wewe ni mtu mbaya sana."

"Tembea."

Valvu ya kuoshea bomba kuu iko kwenye njia panda chini ya soko, ndani ya shimo lenye mfuniko wa chuma. Ukiifungua taratibu, unaosha kidogo kidogo. Ukiifungua ghafla na kuifunga ghafla, mara tatu nne, maji yanashtuka ndani ya bomba na kukwangua kutu ya miaka arobaini. Chuoni walitufundisha tusifanye hivyo kamwe. Bomba linaweza pia kupasuka, na nililijua hilo.

Kwenye kizuizi cha pili askari alikamata ufunguo. Ni chuma kirefu kuliko mtu mfupi, chenye mpini kama msalaba.

"Hii ni silaha gani?"

"Ufunguo," Spana akasema.

"Wa nyumba gani hiyo?"

"Ya mji mzima, afande."

Nilimkanyaga Spana mguu. Askari hakucheka. Aliita mwenzake, wakaunyanyua, wakautazama mwisho wake kana kwamba una mdomo wa bunduki. Nikatoa kitambulisho, nikatoa ratiba ya kuosha mabomba yenye mhuri wa mtambo, ile iliyokuwa ukutani maabara.

"Hii imesainiwa na meneja," askari alisema.

"Ndiyo."

"Si yule aliyeondolewa?"

"Maji machafu hayajaondolewa. Ukitaka, mpigie Kapteni wetu, umwambie umemzuia fundi wake dakika ishirini na kambi yenu inakosa maji."

Aliangalia simu yake, akaangalia jua, akaturudishia ufunguo.

Tulifika njia panda saa tisa na dakika ishirini. Spana akaondoa mfuniko, akashuka hadi kifuani, mimi nikashika mpini juu. Tukaifungua valvu kwa nguvu zote. Maji yakanguruma mtaroni. Tukafunga. Ardhi ikagonga chini ya miguu yangu kama mtu anayebisha hodi kutoka chini. Tukafungua. Tukafunga. Mara ya tatu Spana alisema, "Ikipasuka naogelea," na mara ya nne maji yaliyotoka mtaroni yalikuwa na rangi ya matofali.

Kwenye kioski cha maji upande wa pili wa barabara, mama mwenye bomba alikuwa akimjazia mteja ndoo. Akachungulia ndani ya ndoo, akapiga yowe.

"Jamani! Nini hiki? Njooni muone!"

Wakaja wanawake watatu, kisha kumi. Mmoja akanitambua. "Mama wa maji! Haya tunyweje?"

"Hata mimi siyanywi hivyo," nilisema kwa sauti ya kufika mbali. "Mnayaona wenyewe. Yaacheni yatulie, chujeni, chemsheni mpaka yatokote. Hata yakirudi kuwa meupe, chemsheni. Mwambieni na jirani."

Hapo hapo, kwenye redio ya kioski, ilikuwa saa kumi. Sauti ile ile ikasema mpima maji mkuu amethibitisha kwamba maji ya mji ni safi na salama. Mama wa kioski akaitazama redio, akaitazama ndoo. Mtu mmoja akacheka, kisha wote, kicheko cha kwanza nilichokisikia mtaani tangu siku ya kwanza. Askari wawili waliokuwa ng'ambo wakasogea. Spana alipanda kutoka shimoni, kalowa, akarudisha mfuniko polepole kama mtu anayefunika sufuria, tukaondoka.

Binti wa miaka sita alifariki jioni hiyo kabla jua halijazama. Wengine watatu walifuata kesho yake. Mtoto wa mdogo wangu alikunywa vijiko mia sita. Mama yake alihesabu.

Asubuhi ya siku ya kumi Kapteni alikuja maabara mwenyewe. Aliweka chupa ya maji mekundu mezani.

"Bomba la kambi," alisema. "Hii ni nini?"

"Kutu. Tunaosha mabomba. Ratiba ni hii."

"Ratiba inasema mwezi ujao."

"Inasema hivyo."

Akaizungusha chupa mezani. "Mimi sikuugua," akasema mwishowe, kama mtoto anayedai haki yake.

"Nashukuru. Ni bahati, si kipimo. Nenda zahanati ukawaone waliokosa bahati. Ukitoka huko utaniambia kama ni mimi wa kukamatwa au ni lori la kufunguliwa."

"Yatakuwa meupe lini?"

"Nitayaacha yawe meupe dawa ikifika. Leo jioni nina pipa sifuri."

Nilikuwa nimesema *nitayaacha*. Aliisikia. Akainuka, akavaa kofia, na nilimwona kupitia dirisha akienda kwa miguu kuelekea zahanati, bila dereva. Saa saba Spana alipigiwa simu na dereva wa lori. Mpaka ulikuwa umefunguliwa kwa gari moja.

Lori lilifika siku ya kumi na moja. Kabla ya kupakua nilifungua daftari la dawa nikaandika kwa wino: *Siku ya tatu hadi ya tisa, nusu dozi, kwa amri yangu. Maji ya mwisho hayakupimwa.* Nikasaini. Kapteni alisoma begani kwangu.

"Unajua naweza kukufunga kwa mstari huu?"

"Najua."

Hakuuchana ule ukurasa; alilifunga daftari akaondoka nalo. Daftari analo yeye mpaka leo.

Siku mbili baadaye nilikwenda Mwisho wa Bomba na kikombe changu cheupe. Nilikinga kwenye bomba la uani, nikatia kidonge. Maji yakageuka pinki, pinki kabisa, kama rangi ya kucha za saluni. Nikamwonyesha mdogo wangu. Nikakinga kikombe kingine nikanywa chote mbele yake.

Alinitazama nikinywa. Mtoto alikuwa mgongoni kwake, mwepesi bado, anavuta hereni yake.

"Nimeona, Dada," alisema. Akajaza sufuria kwenye bomba lile lile, akaiweka jikoni juu ya makaa machache aliyonayo. "Lakini mimi nachemsha."

Niliinama nikampulizia moto.